Mchanga au karatasi? Kesi ya pogona wa Anderlecht



Wiki hii sanduku letu la ujumbe limejaa mchanga. Tangu tutoe kile kipindi cha wanyama tunaofuga nyumbani, na maneno ya wazazi walipowaona mara ya kwanza, sauti zinaingia tu. Ndefu, nyingine za hasira. Mbwa, hakuna shida. Paka, tumecheka. Lakini pogona, jamani! Watu wanagombana kweli kweli kwa sababu ya kitu kinachowekwa chini ya miguu ya mjusi.

Sauti mbili zimetoka nyumba moja, huko Anderlecht. Dada mkubwa anasema mdogo wake amemwekea mjusi wao mchanga na atamuua. Mdogo naye anasema: "Yaya anaweka karatasi za jikoni kama vile mjusi ni mgonjwa wa hospitali. Kwao ni jangwani, amuache aishi kama kwao." Dada akienda kazini, mchanga unarudi. Mdogo akienda shule, karatasi zinarudi. Wiki tatu sasa. Na mjusi mwenyewe, katikati ya vita hii, siku ya sita leo hajala kitu.

Mama yao hayumo kwenye ugomvi. Yeye anauliza kila siku swali lile lile: "Hii nyama munaichungaka juu ya nini?" Kwa wale ambao si wa Kivu: "nyama" hapo ni mnyama, si chakula cha jioni. Natumaini.

Wameniomba niamue. Mimi nafuga pogona pia, mkubwa, na wa kwangu anakaa juu ya udongo uliochanganywa na mchanga. Nasema mapema ili mjue nimesimama wapi. Lakini msikimbilie kushangilia.

Tuanze na neno

Kitu unachotandaza chini ya mnyama, iwe majani makavu, karatasi au mchanga, kwa Kiswahili ni tandiko. Ni neno la ukoo mmoja na kutandika kitanda. Ukimwambia bibi yako kwa simu kwamba watu wanagombania tandiko la mjusi, ataelewa mara moja. Atakushangaa, lakini ataelewa.

Pogona mwenyewe ni mjusi wa Australia, *Pogona vitticeps*. Wenye Kifaransa wanamwita pia agame barbu, wenye Kiholanzi baardagame: mjusi mwenye ndevu. Ndevu zenyewe ni miiba laini chini ya kidevu. Akikasirika anazitunisha na zinageuka nyeusi. Mkubwa anafika sentimita 40 hadi 60, mkia ukiwemo, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 10. Ni mpole, anakubali kukaa mkononi, na wakiwa wadogo wanapunga mkono polepole kama mtu anayekuaga pale kituo cha Midi.

Kumbe ni wa ukoo mmoja na mijusi mnaoijua kwenye picha za likizo: yule mwekundu na bluu wa miamba ya Serengeti, na yule mwenye kichwa cha bluu anayepanda miti huko Kivu, Rwanda na Uganda. Wazazi wengi walikua wakiambiwa huyo wa bluu ana sumu ya kuua mtu. Hana.

Upande wa dada: mchanga unaua

Hoja yake si uzushi. Pogona anaijua dunia kwa ulimi. Analamba jiwe, analamba kioo, anarukia nyenje, na kila akirukia juu ya mchanga mlegevu, chembe kadhaa zinaingia mdomoni. Mjusi mwenye afya anazitoa pamoja na choo. Lakini zikiingia nyingi kuliko anavyoweza kutoa, utumbo unaziba. Hapo haendi choo, tumbo linavimba, anakataa chakula, anajikamua bila kutoa kitu, na wakati mwingine miguu ya nyuma inalegea. Daktari wa wanyama akipiga eksirei anaona mchanga umejazana ndani. Wengine wanapona kwa maji na dawa, wengine wanapasuliwa, wengine wanakufa.

Mtoto wa pogona yuko hatarini zaidi. Utumbo wake ni mwembamba, ana njaa kutwa nzima, anakula mara kadhaa kwa siku na bado hajui kulenga. Ndiyo maana madaktari wengi wanaotibu reptilia wanashauri hivi: mtoto, mgonjwa, au mjusi mgeni ambaye bado hujaijua hali yake, mwekee karatasi. Karatasi haifichi kitu. Choo laini, damu, minyoo, chembe: unaona yote asubuhi hiyo hiyo, unakunja, unatupa.

Hapo dada ana hoja nzito.

Upande wa mdogo: karatasi si maisha

Porini pogona anaishi sehemu kavu za ndani ya Australia, upande wa mashariki na katikati. Udongo wa huko ni mwekundu, mahali pengine mchanga, mahali pengine mgumu kama barabara. Na anachimba. Anachimba kukimbia joto, anachimba kupumzika msimu wa baridi, na jike anachimba kutaga.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Jike anaweza kubeba mayai hata kama hajawahi kukutana na dume. Akikosa mahali pa kuchimba, anaweza kuyazuia tumboni mpaka yakamuua. Karatasi za jikoni hazichimbiki.

Tandiko jingine je? Vigae vinashika joto vizuri, vinafutika haraka, na vinapunguza kucha. Lakini ni vigumu, na vile vinavyong'aa vinateleza. Zulia la reptilia linanasa kucha na kuhifadhi uchafu. Mdogo anasema kumweka mnyama maisha yake yote juu ya karatasi ni kama lile sofa la sebuleni lililovikwa plastiki tangu mmezaliwa: safi, ndiyo, lakini nani amewahi kustarehe juu yake?

Nimecheka, na nimemwelewa. Mnyama anayeweza kuchimba ana kitu cha kufanya mchana kutwa. Asiye na cha kuchimba anakwangua kioo.

Mchanga upi, kwanza?

Hapa wote wawili wanateleza, kwa sababu wanasema "mchanga" kana kwamba ni kitu kimoja. Sisi watu wa Brussels tulipaswa kujua. Sablon, pale penye maduka ya chokoleti na vitu vya kale, kwa Kiholanzi Zavel, jina lake ni mchanga tu. Palikuwa ardhi ya mchanga nje ya ukuta wa kwanza wa mji. Na chini ya mji wetu kuna tabaka la mchanga ulioachwa na bahari mamilioni ya miaka iliyopita, wanajiolojia wamelipa jina la Brussels kabisa. Ndani yake kuna chokaa na mawe ambayo yametumika kujenga mji. Mchanga wa bahari, wa mto, wa jangwani: chembe hazifanani, na tumbo la mjusi linajua tofauti.

Sasa nenda duka la vifaa vya ujenzi. Mfuko ulioandikwa *sable du Rhin* ni mchanga wa mto wenye chembe nene, kazi yake ni zege. Ulioandikwa *stabilisé* una saruji ndani tayari, ukipata maji unaganda. Tafadhali, soma mfuko! Mchanga wa watoto kuchezea ni mwembamba na umeoshwa, na huo ndio wafugaji wengi wanaoutumia.

Halafu kuna ule wa duka la wanyama, wa rangi rangi, ulioandikwa kwamba una kalsiamu na kwamba mjusi akiula hakuna neno. Huo ndio ninaoukataa kabisa. Ni unga wa chokaa. Mjusi mwenye upungufu wa kalsiamu anautafuta makusudi na kuula kwa wingi. Chokaa inapunguza asidi ya tumbo, na ukilowa unashikana. Yaani unamnunulia mnyama sakafu inayomwita aile. Waswahili wanasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo: si kila kilichopangwa kwenye rafu ya reptilia kilipangwa kwa faida ya reptilia.

Na wale wa upande wa mdogo wanaoijua kazi hawaweki mchanga mtupu. Wanachukua udongo usio na mbolea wala dawa, sehemu 6 au 7, na mchanga wa kuchezea sehemu 4 au 3. Wanachanganya, wanalowesha kidogo, wanashindilia kwa mikono, wanaacha ukauke kabisa mpaka unakuwa kama uwanja wa nyumba ya kijijini uliofagiliwa asubuhi. Mjusi akirukia nyenje pale, anapata nyenje. Akitaka kuchimba, anachimba. Huo sio mchanga mlegevu ambao dada ameuona, na dada ana haki ya kuuogopa huo aliouona.

Angalia juu, kwenye taa

Kwa nini pogona mmoja anakaa miaka mingi juu ya mchanga bila shida, na mwingine anaziba baada ya miezi miwili? Mara nyingi jibu liko juu ya kichwa chake.

Mjusi hajitengenezei joto. Joto la kumeng'enya chakula analipata nje. Pale anapoota, pogona anahitaji nyuzi 38 hadi 42 hivi, na upande wa pili wa terariamu nyuzi 25 hivi ili akapoe. Jiwe lake likiwa nyuzi 30, chakula kinalala tumboni, na chochote kilichoingia pamoja nacho kinalala pia.

Ya pili ni taa ya UVB. Bila miale hiyo mwili hautengenezi vitamini D3 ya kutosha, na bila D3 kalsiamu unayonyunyiza kwenye wadudu haimfai kitu. Mifupa inalainika, misuli inadhoofika, na utumbo wenyewe ni misuli. Kumweka dirishani hakusaidii, kioo kinazuia UVB. Jua la Brussels mwezi wa Januari sina haja ya kuwaeleza. Tena taa inaweza kuendelea kuwaka vizuri machoni petu huku UVB imeshapungua, ndiyo maana inabadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, kulingana na aina.

Ya tatu ni maji, minyoo, na ukubwa wa mdudu. Kipimo cha wafugaji ni rahisi: mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. (Na hapana, usimpe senene wa kukaanga aliokuletea shangazi kutoka Bukoba. Wana chumvi. Kula wewe.)

Kwa hiyo dada anaweza kuondoa mchanga wote na mjusi bado akaziba, kwa mdudu mkubwa na taa dhaifu. Na mdogo anaweza kumtengenezea jangwa zuri la kupiga picha, mnyama akawa anaona baridi ndani yake. Mchanga mara nyingi unamaliza kazi ambayo baridi na upungufu wa kalsiamu vimeianza.

"Kwao" ni wapi?

Neno moja la mdogo limenikaa: "aishi kama kwao." Sisi wa kipindi hiki tunalijua neno hilo. Tumeulizwa kwetu ni wapi tangu shule ya chekechea.

Pogona huyu wa Anderlecht hajawahi kuiona Australia. Mama yake pia, na bibi yake. Australia iliacha kuruhusu biashara ya kusafirisha wanyama wake wa porini tangu miaka ya 1960, kwa hiyo hawa wanaouzwa Ulaya wamezaliwa kwa wafugaji, kizazi baada ya kizazi. Asili yake haijafutika. Mwili unadai joto lile na miale ile, na kucha bado zinataka kuchimba. Dada akisema "huyu ni wa hapa, karatasi inamtosha", anasahau hilo.

Lakini mdogo naye akisema "kwao ni mchanga", anazungumza habari ya picha aliyonayo kichwani. Anaona matuta ya jangwa. Pogona wa porini utamkuta sana juu ya kisiki, tawi au nguzo ya uzio, na chini yake mara nyingi ni ardhi ngumu. Kama kweli unataka kumpa "kwao", mpe kwanza gogo la kupanda na joto la kweli. Mchanga mlegevu peke yake umechukua rangi ya kwao tu.

Nawapa mfano wa upande wetu. Kuna mjusi mdogo wa bluu kali, *Lygodactylus williamsi*, anayeishi msitu wa Kimboza, mkoa wa Morogoro, Tanzania, na sehemu chache za karibu. Anaishi kwenye miti ya mkadi, kati ya majani yake marefu. Alikamatwa kwa maelfu na kuuzwa Ulaya, mpaka 2017 akawekwa kwenye Kiambatisho cha I cha mkataba wa CITES, na biashara ya waliokamatwa porini ikapigwa marufuku. Mtu akisikia "mjusi wa Afrika" akamwekea mchanga na taa ya jangwani, atamkausha. Mnajua watu wanaodhani Afrika yote ni mchanga. Sisi tusiwafanyie mijusi mambo tuliyofanyiwa wenyewe.

Hukumu

Haya, ndugu wawili wa Anderlecht, sikilizeni.

Kabla ya kila kitu, siku sita bila kula, kwa mjusi wa miezi mitano, ni nyingi. Pigieni simu daktari wa wanyama, ulizeni kwanza kama anatibu reptilia, maana si kila mmoja anawatibu. Mpelekeni kesho, na choo chake cha mwisho kwenye kikopo kama kipo. Msimpe mafuta ya kupikia kwa sababu mtu fulani amesema. Na acheni kubadilisha tandiko mara mbili kwa siku, kuhama hama peke yake kunamtia mnyama hofu.

Mpaka daktari aseme vingine, ni karatasi. Dada umeshinda. Miezi mitano bado ni mtoto.

Mdogo, kazi yako inaanza sasa. Nunua kipimajoto kile cha kulenga kama bastola, upime jiwe la kuotea asubuhi na jioni, uandike. Angalia taa ya UVB ilinunuliwa lini. Akishakua, tuseme mwaka mmoja na zaidi, anakula vizuri, choo kizuri, joto ni lile lile kila siku, basi utashindilia udongo wako na mchanga, na dada hatagusa. Akigundulika ni jike, mtamwekea sanduku la kutagia lenye mchanganyiko huo huo ukiwa na unyevu, na hapo hakuna ubishi. Ule mchanga wa kalsiamu, kama mmeshanunua, urudi dukani.

Kwa wengine mnaotaka kuanza: Mkoa wa Brussels una orodha ya reptilia wanaoruhusiwa kufugwa nyumbani. Ulizeni Bruxelles Environnement kabla hamjatoa pesa. Na osheni mikono kila mkimshika, reptilia wanabeba salmonela hata wakiwa wazima. Watoto wadogo wa chini ya miaka 5 wawe mbali naye. Wala msimwogeshe kwenye sinki la jikoni. Hapo mama akikasirika, mimi niko upande wake.

Na wewe Mama wa Anderlecht, jambo sana. Umeuliza wanaichunga juu ya nini. Mimi sina jibu la kukutosha. Ninachojua ni kwamba wamenitumia dakika 11 za sauti, wakibishana kuhusu joto, utumbo na udongo, na zote zilikuwa kwa Kiswahili.

Wengine mnaofuga, tutumieni sauti zenu: mmeweka nini chini, na jiwe la kuotea lina nyuzi ngapi? Mkisahau namba ya pili, sitasikiliza ya kwanza. Na mkitaka kutuma picha ya choo, tafadhali, andikeni mapema. Ninafungua ujumbe wenu nikiwa nakula.